Kompresa Ipi Yamfaa Mchoraji?

Hapa kwetu Bigo, mtaa wa mji wa Bunia, kompresa yajulikana na kila mtoto. Ndiyo mashine ya kwado, fundi wa magurudumu, inayolia kando ya njia tangu asubuhi hata jioni na kujaza pumzi matairi ya pikipiki. Lakini vijana watatu wa mtaa walipokuja kwetu kuomba shauri juu ya kununua kompresa, hawakuwa na nia ya kujaza matairi. Walitaka kuchora picha. Tulishirikiana nao muda wa miezi miwili katika kuuliza mafundi, kupima na kuhesabu. Kwa kuwa wengine waweza kuwa na haja ileile, twaona yafaa tuandike tuliyojifunza.

Chombo walichokuwa nacho chaitwa brashi ya hewa. Mafundi wetu waliosoma Kifaransa hukiita aerografu. Ni kama kalamu ya chuma yenye sindano ndani. Mchoraji akibonyeza kitufe, hewa hutoka; akikivuta nyuma, sindano huachia rangi, na ile hewa huipasua iwe kama ukungu. Kupuliza rangi ni jambo la kale sana: katika mapango ya nchi nyingi ziko alama za mikono ambazo watu wa zamani walizifanya kwa kuweka kiganja juu ya jiwe na kupuliza rangi kwa kinywa. Chombo cha chuma kilianza Marekani. Abner Peeler wa jimbo la Iowa alitengeneza cha kwanza karibu na mwaka 1878. Liberty Walkup wa jimbo la Illinois akakisitawisha. Na katika miaka ya 1890 Charles Burdick akatoa brashi iliyo karibu na zile za leo. Kazi iliyokipa sifa zamani zile ilikuwa kutengeneza na kukuza picha za nyuso za watu.

Na kazi hiyohiyo ndiyo waliyoitaka vijana wetu. Tangu Desemba 2017, vita vilipowaka tena katika Djugu, watu wengi mno waliacha nyumba zao, na wengi wakafika Bunia. Nyumba ikiungua, picha nazo huungua. Twawajua akina mama ambao hawakuokoa hata picha moja ya waume zao au ya watoto wao waliokufa, ila kadi ya mpiga kura tu, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Uso ulio katika kadi hiyo ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba, tena umefifia. Kijana huuchukua uso huo akaukuza juu ya karatasi nene hata uwe na kipimo cha uso wa mtu. Brashi ya manyoya huacha mistari; ile ya hewa hukiweka kivuli cha shavu polepole, tabaka juu ya tabaka. Mama hukaa kando akisema: “Paji lake lilikuwa pana zaidi. Hapa alikuwa na kovu.” Kwa hiyo tulipokwenda kutafuta kompresa, tulijua kazi itakayofanya, na kujua huko kulituongoza katika mengine yote.

Mnunuzi basi asianze kwa kuuliza bei wala ukubwa, bali aulize kwanza atachora nini. Kwa uso wa mtu na mistari myembamba, brashi yenye tundu la milimita 0.2 au 0.3 yahitaji nguvu ya hewa ya bar 1 hata 2 tu. Kwa fulana na nguo, ambako rangi ni nzito, yafaa bar 3 hata 4. Vyombo vingi vitufikiavyo kwa njia ya Kampala huandikwa kwa kipimo cha Kiingereza, pauni kwa inchi ya mraba. Msomaji akumbuke ya kuwa bar 1 ni karibu sawa na pauni 14 na nusu. Kompresa ya kwado hufika bar 8. Kwa upande wa nguvu, basi, hata mashine ndogo yamtosha mchoraji.

Lakini nguvu na wingi si kitu kimoja, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Sindano ya mganga hurusha maji kwa nguvu, lakini ni matone. Mto wa bondeni hupita taratibu, lakini ni maji mengi. Brashi ya tundu la milimita 0.3 hula lita 10 hata 15 za hewa kwa dakika. Pistole ya rangi, ile wapakiayo motokaa, hula lita 200 na zaidi. Anayetumaini kuchora nyuso leo na kupaka motokaa kesho kwa mashine ileile ndogo atavunjika moyo.

Tena hesabu iliyoandikwa juu ya sanduku isomwe kwa akili. Ikisema lita 20 kwa dakika, mara nyingi yataja hewa iingiayo pasipo kizuizi. Mashine ikisukuma kwa bar 2, itokayo yaweza kupungua karibu hata nusu. Na sisi watu wa milimani tunayo hasara nyingine. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari; msukumo wa hewa huku ni pungufu karibu sehemu moja katika saba kuliko Mombasa. Pistoni ileile, ikizunguka mara zilezile, hukusanya hewa iliyo chache zaidi. Hata hivyo, mchoraji wa nyuso hapulizi mfululizo. Hubonyeza, huacha, hutazama. Kwake yeye lita 20 hata 25 za sandukuni zatosha. Apakaye fulana kutwa kucha atafute 40.

Sasa juu ya tangi. Ziko mashine ndogo sana zisizo na tangi. Bei yake ni nafuu, lakini hewa yake hupiga kama moyo, na kila pigo huacha alama juu ya picha. Tangi hutuliza mapigo hayo. Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kwa maandishi ya kuwa hewa ikisongwa mpaka nusu ya nafasi yake, msukumo wake huwa mara mbili. Kwa kanuni hiyo kila mtu aweza kuhesabu. Mashine iliyo ya kawaida kwa wachoraji ina pistoni moja na tangi la lita 3. Hujizima ikifika bar 4, na kuwaka tena ikishuka bar 3. Kati ya bar 4 na bar 3, tangi hilo hutoa lita 3 tu za hewa, yaani kazi ya robo dakika. Basi tangi dogo si ghala. Kazi yake ni kutuliza. Lakini tangi la lita 50 lililojazwa bar 8, likitumiwa hata lifike bar 2, hutoa lita 300 hivi. Kwa brashi ilayo lita 12 kwa dakika, hizo ni dakika 25 za kazi pasipo mashine kuwaka hata kidogo.

Hesabu hiyo iliwasha majadiliano kati ya vijana wetu. Mkubwa wao, mwenye mke na watoto wawili, alisema: “Tununue kompresa kubwa ya petroli kama ya kwado. Asubuhi tujaze matairi, mchana tuchore. Wafu hawaleti wateja kila siku, lakini pikipiki hutobokewa kila saa.” Maneno yake yalikuwa ya haki, nasi hatukuyadharau. Mtu mwenye watoto hawezi kuwalisha kwa picha ya mwezi ujao. Kompresa kubwa, ikiwekewa kidude cha kupunguza nguvu ya hewa pamoja na chujio zuri, yaweza kulisha brashi vizuri kabisa. Kama kazi yao ingalikuwa mabango ya maduka na matangi ya pikipiki, tungalimwunga mkono bila kusita.

Tulimwomba tu aangalie mambo matatu: moto, kelele na usafi.

Moto kwanza, maana yake nguvu ya kuiendesha. Umeme wa mtaa wetu huja na kwenda. Jenereta ndogo ya petroli ibebwayo kwa mkono mmoja, ile iitwayo ya wati 950, kwa kazi ya kuendelea hutoa wati 650 hivi. Nayo mota ya kompresa inapoanza huvuta umeme mara tatu hata sita kuliko inapokwisha kuzunguka. Mashine ndogo ya wati 150 huomba basi wati 450 hata 900 kwa kitambo kifupi, na jenereta ile mara nyingi hujikaza ikaweza. Mashine ya wati 1,500 huomba 4,500 na zaidi. Jenereta ndogo huzimika papo hapo. Kompresa ya petroli haina shida hiyo, lakini kila picha italipiwa kwa lita za petroli.

Kwa mashine ndogo hata jua latosha. Tuhesabu pamoja: wati 150, ikizunguka nusu ya wakati katika kazi ya saa nne, hutumia wati-saa 300. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Tusipoitumia kupita nusu ili isife upesi, yatosha kwa siku mbili za kazi. Ila inveta iwe na uwezo wa wati 1,000 hivi kwa ajili ya ule mwanzo mzito, nayo iwe ya aina itoayo mawimbi laini kama ya umeme wa mtambo. Nyingine hupasha mota moto.

Jambo la pili ni kelele. Mashine ndogo za wachoraji huandikwa desibeli 50 hata 60, kama watu wanaozungumza. Kompresa kubwa isiyotumia mafuta yaweza kufika 90 na kupita, na ile ya petroli hainyamazi kamwe. Mtu wa mji mwingine angesema kelele ni jambo la masikio tu. Lakini wenye umri wanakumbuka Bunia ya Mei 2003, na waliokuja baadaye wana kumbukumbu zao wenyewe. Vali ikifyatuka ghafula, tumeona mtu mzima akiinama kabla ya kujua ni kitu gani. Tena uso wa marehemu hauchorwi kwa macho peke yake. Sharti mchoraji amsikie mama anaposema juu ya kovu. Mama hatasema kwa kupiga makelele. Akiona hasikiwi, atanyamaza, na picha itakuwa ya mtu mwingine.

La tatu ni usafi wa hewa. Hewa ikisongwa huwa moto. Ikipoa ndani ya tangi na mpira, unyevu wake hugeuka maji. Katika miezi yetu ya mvua maji hayo si machache. Tone moja likitoka pamoja na rangi, huanguka juu ya shavu lililogharimu saa tatu. Dawa yake ni hizi: mpira uwe na urefu wa mita tatu hivi, ili hewa ipoe njiani, chujio lenye kikombe cha kuonyesha maji liwekwe kabla ya brashi, na tangi lifunguliwe chini kila jioni, maji yatoke. Tangi lisilomwagwa maji huoza kwa ndani, na kwa nje halionyeshi neno.

Mafundi wengine hutengeneza kompresa kwa kutoa mota ya friji iliyokufa. Tuliiona moja ikifanya kazi, nasi twakiri ya kuwa ina utulivu wa ajabu; mtu aweza kulala kando yake. Lakini mota hiyo hutembea ndani ya mafuta, na mafuta hufuata hewa. Tuliyaona yakitokea kama jicho la samaki katikati ya rangi, na rangi ikakataa kushika mahali pale. Pia haijizimi yenyewe, isipokuwa fundi ameifungia swichi ya hewa na vali ya usalama. Aliye na fundi hodari, chujio la mafuta na vali hiyo aweza kuitumia. Asiye navyo na aiache.

Na kuhusu tangi, hapa hatusemi kwa upole. Mtu asifanye tangi kwa mtungi wa gesi wa zamani, wala kwa kizima moto, wala asichomelee bati mahali palipotoboka. Maji yaliyosongwa yakipata tundu huvuja tu. Hewa iliyosongwa hupasua chuma, na vipande huruka. Kabla ya kulipa, itazame vali ya usalama, ile yenye pete ndogo. Ivute pete hewa ikiwamo ndani: isipopumua, usinunue.

Tuseme neno pia juu ya zawadi. Mara nyingine ndugu aliye Kanada au Marekani hutaka kutuma mashine. Ashukuriwe, lakini aambiwe mapema ya kuwa umeme wa kule ni volti 120 hivi na mizunguko 60, na wa kwetu ni volti 220 na mizunguko 50. Transfoma hubadili volti, haibadili mizunguko; mota ile huzunguka polepole zaidi na kupata moto. Itokayo Uganda haina tatizo hilo, ila plagi yake ina meno matatu ya mraba, na soketi zetu ni za meno ya mviringo. Hilo ni jambo la adapta tu.

Pumzi ya mchoraji nayo ni mali. Ukungu wa rangi huingia kifuani. Rangi za motokaa zenye thina zina harufu kali, tena ni sumu. Kwa picha za karatasi na mbao zitumike rangi za maji, na hata hizo kwa barakoa na dirisha wazi. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi la njia, hakizuii ukungu wa rangi. Mtu anunuaye kompresa bila kuweka fedha ya barakoa hajamaliza kununua.

Tulipofika dukani tulichukua brashi yetu wenyewe pamoja na kiungo chake, kwa maana mdomo wa brashi nyingi ni wa inchi moja ya nane na wa mashine ni wa robo inchi. Tukamwomba mwenye duka awashe. Tulitazama muda ambao tangi tupu la lita 3 linajaa bar 4. Mashine nzima yafaa ifanye hivyo katika dakika moja au moja na nusu. Tukaweka geji bar 2, tukaacha brashi ipulize dakika nzima, na kutazama mshale. Ukisimama au kutikisika kidogo tu, ni vema. Ukishuka bila kurudi, mashine haitoshi. Mwisho tukangoja ijizime, na kusikiliza. Ikijizima yafaa itoe pumzi fupi, “psii”. Pumzi hiyo huondoa msukumo juu ya pistoni, ili iweze kuanza tena hata umeme ukiwa dhaifu. Isiyotoa pumzi hiyo huunguza mota katika mji kama wetu, ambako volti hushuka kila jioni.

Basi vijana walinunua ile ndogo, ya pistoni moja na tangi la lita 3, pamoja na chujio la maji na barakoa mbili. Fedha iliyobaki haikutosha kununua tangi kubwa la kubebea hewa. Wakijaliwa kulipata, watalijaza kwa kwado wa jirani na kufanya kazi hata umeme ukikatika, ilimradi hewa ipite katika chujio la maji na la mafuta.

Yule mkubwa wao hakukubali kwa moyo wote, nasi hatutaki kumwonyesha msomaji kana kwamba alikubali. Asubuhi humsaidia kwado kwa ujira, mchana huja kuchora. Asema bado ya kuwa mashine kubwa ingalimlisha vizuri zaidi, na huenda asema kweli kwa upande wa tumbo. Lakini yeye ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wenzake katika kuchora macho, na akina mama humwomba yeye. Wiki iliyopita mmoja alikaa karibu naye muda mrefu, mashine ikinguruma taratibu na kunyamaza, ikinguruma na kunyamaza. Alisema juu ya nyusi, juu ya meno, juu ya namna mwanawe alivyopenda kuinamisha kichwa anapocheka. Kadi haikuonyesha hayo. Kijana aliyasikia yote, akayachora.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kununua, chukua karatasi uandike: nitachora nini, kwa umeme gani, karibu na watu gani. Majibu hayo matatu yakikamilika, mashine itakuwa imekwisha kujichagua yenyewe, na muuza duka hataweza kukuuzia nyingine.